Ua Halikazi Skrubu

Injini iliponguruma, moshi wa buluu uliwafukuza watu wote uani. Askari wa zamu alikimbilia langoni akikohoa na kulaani, na njiwa waliokuwa juu ya paa la mabati wakahama. Aliyebaki nyuma ya lile gari jeupe ni Sajini Nieves Sirpa peke yake, leso puani, akiutazama moshi kana kwamba unadaiwa maelezo.

"Umeona mwenyewe?" alisema Don Hernán Justiniano kutoka kwenye kiti chake kivulini. "Zima hiyo takataka, dada. Ripoti yangu haihitaji kuongezwa hata nukta."

Sajini alizima. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, Alhamisi baada ya Kanivali, na saa kumi kamili hakimu angetia saini karatasi ya kumpeleka Primitivo Callisaya gereza kuu kungojea kesi ya kumgonga na kumuua mwalimu mstaafu, Don Zenón Tarqui. Hapa El Alto, juu milimani, kesi kama hizo hungojewa miaka miwili, mitatu. Primitivo alikuwa na teksi moja, mke mmoja na watoto wanne, na wote hao walikuwa wananing'inia kwenye saa tatu na nusu zilizobaki.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Ijumaa alfajiri, kabla Kanivali haijaanza, teksi nyeupe iliteremka mlima wa Daraja la Mawe, ikamgonga mwalimu pale chini, ikapanda upande wa pili na kutokomea. Namba hakuna aliyeiona. Shahidi alikuwa mmoja tu, Doña Eulogia, muuza mikate wa pale darajani, na maelezo yake Sajini alikuwa ameyasoma mpaka karatasi imelegea: *Lilishuka taratibu, safi, halina moshi. Likagonga. Dereva akakanyaga mafuta, ndipo likatema wingu la buluu. Nikafunika mikate yangu kwa shali isije ikanuka, halafu ndiyo nikasikia yowe.*

Jana, Jumatano, polisi walilikamata gari jeupe linalotoa moshi wa buluu, na mwenyewe hupita darajani kila alfajiri. Basi kila mtu akajipangusa mikono. Kesi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza, na mtu wa kuipiga mhuri aliletwa kutoka bondeni, Santa Cruz, fundi mwenye vyeti vinne na sanduku la vifaa vinavyong'aa. Tangu ashuke kwenye ndege, Don Hernán alikuwa anakunywa chai ya majani ya koka, dawa ya wageni wa milimani, birika kwa birika, na bado midomo yake ilikuwa ya zambarau.

"Nisomee tena hiyo kompresheni," alisema Sajini.

"Mara ya tatu hii." Alifungua daftari kwa uvivu. "Gari zima, pistoni zikibana hewa, geji inasoma mia na sabini. Hili, silinda zote nne, mia na tano. Mia na tano! Ringi za pistoni zimelika, oili inapanda juu na kuungua. Ugonjwa huu ni wa mwaka mzima. Kwa hiyo Ijumaa gari lilikuwa linatoa moshi. Kwa hiyo ni yeye. Nyinyi watu wa milimani mnapenda kuzungushana tu."

"Hiyo mia na sabini ni ya wapi?"

"Kwetu. Kwani kuna kwingine kwenye magari?"

Sajini alichukua geji ileile ya Don Hernán akavuka ua mpaka kwenye gari la kituo, la aina ileile na mwaka uleule, ambalo injini yake ilikuwa imefunguliwa na kufanywa upya mwezi wa kumi. Alifungua plagi zote nne, akafunga geji, akamwamuru askari apige stata. Mia na sita. Akaenda silinda ya pili. Mia na nne. Alipofika ya nne, Don Hernán alikuwa amesimama nyuma yake, kikombe mkononi.

"Geji yako mbovu," alisema.

"Ni ya kwako, Don Hernán."

Mzee aliitazama ile geji kama mtoto aliyemtia aibu mbele ya wageni.

"Asubuhi umepanda ngazi ngapi kufika ofisini kwangu?" aliuliza Sajini.

"Sijui. Kumi na mbili."

"Ukaketi njiani mara ngapi?"

"Mara mbili," alisema kwa unyonge.

"Basi niandike kwamba na wewe ringi zako zimekwisha? Huku juu hewa ni nyepesi. Mapafu yako ni mazima, hayana cha kubana tu. Injini nayo ni hivyohivyo. Mia na tano hapa ni afya."

Askari wa zamu alicheka, akatazamwa, akanyamaza. Don Hernán alivua kofia akaivaa tena. Ila ukweli usemwe, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kupanda mlima akiwa na geji mkononi. Alikwenda mwenyewe kwenye gari la Primitivo akazitoa plagi, akazipanga juu ya gazeti.

Zilikuwa zimelowa oili mbichi. Sajini aliifuta moja kwa kitambaa, na chini ya oili ikatokea rangi ya kahawia hafifu, rangi ya plagi iliyolala salama miezi mingi.

"Injini inayokula oili mwaka mzima huota masizi kwenye plagi, magumu kama ukoko wa wali," alisema. "Huu ukoko uko wapi?"

"Haupo," Don Hernán alikiri. "Ugonjwa ni mpya. Lakini upya wa lini, dada? Toka Ijumaa mpaka leo ni siku sita. Na siku sita nazo ni upya. Bado anaweza kuwa yeye."

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa saba na robo. Kujua kwamba moshi haukuwa wa mwaka jana hakukumsaidia mtu. Sajini alihitaji siku yenyewe.

Lango lilifunguliwa, ikaingia teksi nyingine nyeupe. Mji huu teksi nyeupe ni kama mbuzi sokoni, hakuna anayezihesabu, lakini Sajini alizoea kutazama kila kitu chenye magurudumu, akaona kwamba kioo cha taa ya kushoto kinameta na cha kulia kina ukungu wa manjano wa miaka. Alishuka Doña Basilia, mke wa Primitivo, na sufuria ya supu iliyofungwa kwa kitambaa. Nyuma yake alishuka dereva, mtu mnene wa koti zuri la ngozi, Don Severo Huallpa, katibu wa chama cha madereva wa teksi.

"Nimemleta shemeji amwone mumewe," alisema Don Severo akivua kofia. "Afande, mimi ndiye padrino, baba wa ubatizo, wa gari hili. Nimelibatiza kwa bia yangu mwenyewe. Inaniuma kusema, lakini kweli haina shemeji. Gari hili lina moshi tangu Novemba. Nilimwambia Primitivo, ndugu yangu, litengeneze, utakuja kupata taabu. Hakusikia la mtu."

Doña Basilia alimgeukia polepole. "Novemba, shemeji?"

"Wewe hukai nyuma ya gari, shemeji yangu. Hukuona."

"Mimi ndiye ninayefua mapazia ya dirishani kwangu, na gari hulala chini ya dirisha hilo. Moshi wa Novemba ungenipita wapi?"

"Una uchungu, mama. Pole sana." Aligusa bega lake, akamgeukia Sajini. "Nilishaandika maelezo yangu jana. Mkinihitaji niko ofisini kwetu, hapo mtaa wa pili. Saa tisa nitarudi nimchukue shemeji, na saltenya za nyama, za moto, niwaletee, maana naona hamjala."

Alipotoka, Sajini alirudisha plagi mahali pake, akainamia tena injini ya Primitivo.

Injini ilikuwa imefunikwa na Kanivali. Jumanne ya ch'alla mji mzima humwagia nyumba na magari bia, maua na chembe za karatasi za rangi, ili Mama Ardhi anywe kwanza na mwaka uwe mwema. Petali nyekundu na za njano zilikuwa zimegandia kila mahali kwa utamu wa bia, na utepe wa karatasi ulikuwa umezunguka betri. Na hapa ndipo lilipokuwa kosa, na Sajini alilijua kuwa ni lake pia: kilichokwisha kutolewa kwa Mama Ardhi hakifagiliwi. Kinaachwa kipeperuke au kioze. Jana alikuwa amekagua injini nzima kwa ncha za vidole, akiyazunguka maua kwa heshima. Hata yeye, binti wa fundi!

"Washa," alimwambia askari.

Injini ilishika, moshi ukaanza. Sajini alifungua kifuniko cha kujazia oili, na pumzi ikamfyatukia kwa nguvu, ikamtapikia matone meusi kwenye sare mpaka kolani. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimejiinua chenyewe mahali pake.

"Zima! Imezibwa pumzi hii," alisema. "Presha yote imejaa tumboni, inaisukuma oili kwenye silinda."

Aliufuata kwa kidole mpira wa kupumulia, ule unaotoka juu ya injini kwenda kwenye kisanduku cha chujio la hewa. Ulikuwa umezama ndani ya maua. Aliyashika maua ayatoe.

"Afande, usiyaguse!" Doña Basilia alipiga kelele. "Unataka tupate balaa jingine?"

"Mama, balaa limo humuhumu."

Alisema kimoyomoyo maneno ambayo bibi yake alimfundisha kuomba radhi, kisha akayakwangua. Klipu ya mpira ikatokea. Kichwa cha skrubu yake kilikuwa na mikwaruzo mipya, chuma kinang'aa katikati ya uchafu wa miaka. Alifungua, akauvuta mpira, akaugeuza. Ndani yake mlikuwa mmeshindiliwa maua na karatasi za rangi, yamelowa oili, yamebanana urefu wa kidole kizima. Ilibidi atumie waya kuyang'oa.

Don Hernán alipuliza pua kwa dharau. "Mnamwaga maua kwenye injini, halafu mnashangaa yakiingia ndani. Yamejipeleka yenyewe."

"Mpira huu unatoa pumzi, hauvuti. Na ulikuwa umechomekwa, klipu juu yake, imekazwa." Alimwonyesha mikwaruzo. "Ua halikazi skrubu, Don Hernán."

Mzee aliinama, akatazama, akatoa miwani, akatazama tena. Alipoinuka hakuwa na dharau tena usoni. "Kuna mtu kafanya hivi," alisema.

Waliufunga mpira ukiwa mtupu, wakajaza oili, wakawasha. Dakika tano za kwanza moshi ulikuwa uleule. Dakika ya kumi ulianza kukonda. Ilipofika dakika ya ishirini na tano, Don Hernán alishika karatasi nyeupe mbele ya ekzosi, akaileta kwa Sajini. Haikuwa na doa. Doña Basilia alikaa kwenye ngazi na sufuria yake mapajani, akaanza kulia kwa sauti ndogo.

"Mama, nisaidie kwanza, utalia baadaye," Sajini alisema, akachuchumaa mbele yake. "Jumanne, kwenye ch'alla, nani alisimama kwenye boneti?"

"Padrino. Ni kazi yake. Primitivo alikuwa anamwagia magurudumu bia."

"Mlimwona muda wote?"

Mama alifuta macho akafikiri. "Hapana. Alituambia tugeukie mlima tunywe glasi ya heshima. Tulimpa mgongo wote. Mimi nilikawia kugeuka, nikamwona na bisibisi. Akasema anakaza taji la maua lisidondoke." Mkono wake ulisimama hewani. "Lakini Severo ni ndugu yetu, afande. Tumekula naye sahani moja. Ametubatizia gari."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

"Na redio," alisema Doña Basilia polepole. "Jumamosi redio ilitangaza polisi wanatafuta gari la moshi wa buluu. Tulikuwa kwake. Aliizima, akasema inaharibu sherehe."

Saa ilikuwa nane na dakika hamsini. Sajini alikuwa na maua, habari ya bisibisi na mama anayelia, na hakimu angesema kwamba mke wa mtuhumiwa hakosi la kumtetea mumewe. Alifunga boneti. "Kausha machozi. Akija, asione kitu usoni mwako. Don Hernán, wewe utatufuata nyuma na gari la kituo, usiyaondoe macho kwenye ekzosi yake. Darajani ukiona nimesimama, simama."

"Nitafute nini?"

"Ulichokuja kukitafuta huku juu."

Don Severo alirudi saa tisa na dakika tano na saltenya kwenye mfuko wa karatasi, zinatoa mvuke. Sajini alikula moja, akasifu mchuzi wake, akasema ana faili la kupeleka mahakamani na gari la kituo lina kazi nyingine. Je, Don Severo angempa lifti kwanza, shemeji yake angojee?

Tabasamu la katibu lilichelewa kidogo tu. "Nipitie njia ya juu? Darajani kuna foleni."

"Njia ya juu imefungwa kwa gwaride. Twende darajani."

Wakaondoka. Mji ulikuwa bado umelewa Kanivali. Tepe za karatasi zilining'inia kwenye nyaya na milango ya karakana zote ilikuwa imefungwa kwa makufuli tangu Ijumaa ile. Walipofika kichwani mwa mteremko, Don Severo aliingiza gia ya tatu, na Sajini akaangusha macho kwenye miguu yake. Mguu wa kulia ulikuwa umelalia pedali ya mafuta. Wa kushoto ulikuwa kwenye breki. Punde harufu ya breki zinazoungua ikajaa ndani.

"Una miaka mingapi kwenye usukani, Don Severo?"

"Ishirini na miwili."

"Na bado unateremka kwa breki na mafuta pamoja? Hata mwanafunzi hafanyi hivyo."

"Mteremko huu mbaya, afande."

"Mimi nakwambia kwa nini," alisema Sajini, akitazama mbele. "Kuna moshi wa aina mbili. Injini iliyozibwa pumzi inatoa moshi wakati wote, ikipanda, ikishuka, hata ikisimama. Hiyo ya Primitivo. Nimetoa maua yako kwenye mpira, na sasa haina moshi kabisa."

Don Severo alizidi kukanyaga breki.

"Aina ya pili ni ya injini ambayo sili za vali, zile za kuzuia oili, zimechoka. Hiyo husafiri safi, huwezi kuijua. Ila ukiteremka mlima umeondoa mguu kwenye mafuta, injini huvuta kwa nguvu, oili ikapita kwenye vali kidogo kidogo ikajikusanya. Ukifika chini, ukikanyaga, inaungua yote kwa mkupuo. Wingu moja. Doña Eulogia aliona gari likishuka safi na kutema wingu moja. Ulijua kutengeneza moshi, Don Severo, lakini ulitengeneza usio wenyewe."

"Huna ushahidi wa hayo, afande."

"Sina. Ondoa mguu wa kulia."

Gari liliendelea. Nyuma, kwenye kioo, gari la kituo lilikuwa linakuja taratibu.

"Ondoa mguu, nimesema. Ni amri."

Mguu uliinuka. Sauti ya injini ikabadilika, ikawa nzito, ya kuvuta, na gari likashuka nusu nzima ya mlima hivyo, kimya, safi. Mbele yao lilionekana daraja, na kando yake msalaba mdogo wa mbao wenye maua mapya, na hatua tano kutoka pale, Doña Eulogia na kofia yake ya duara, kapu la mikate wazi mbele yake. Baada ya daraja barabara ilipanda wima. Pale hakuna gari linalopanda bila kukanyagwa.

Kasi ilipungua. Walifika chini gari likitetemeka, linataka kuzima. Nyuma yao basi lilipiga honi, na lingine likaitikia.

"Nilikuwa natoka msibani, sijalala siku mbili," alisema Don Severo, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Kioo cha taa nilikibadilisha mwenyewe, lakini moshi ulihitaji karakana, na zote zilifungwa. Wangeninyang'anya ukatibu, afande, wangeninyang'anya leseni. Primitivo bado kijana, angetoka."

"Kanyaga, Don Severo."

"Afande."

"Kanyaga."

Alikanyaga. Kwenye kioo, daraja lilipotea lote, na msalaba, na gari la kituo, ndani ya wingu la buluu.

Sajini alinyoosha mkono, akazima swichi, akachomoa ufunguo. Alishusha kioo chake. Moshi ulikuwa unapita taratibu kando ya barabara, na ndani yake Doña Eulogia, bila kutazama gari, bila hata kufikiri, alikuwa amevua shali na kuitandaza juu ya mikate yake. Halafu mikono yake ikasimama hapohapo, juu ya shali. Akainua uso.